Gari Kuukuu Liishiwapo Nguvu Njiani

Mkulima mwenye gari kuukuu la dizeli huijua taabu hii. Asubuhi injini huwaka vema na gari hutembea vema. Lakini katikati ya mlima, likiwa limepakia magunia ya mahindi, nguvu hupungua. Akisimama kidogo, nguvu hurudi. Akifika kwa fundi, gari halionyeshi ubovu wowote. Basi huanza kununua vipuri kimoja baada ya kimoja, na fedha ya mavuno huisha kabla ya ubovu kujulikana.

Ubovu ujao na kuondoka hautafutwi kwa kubahatisha. Hutafutwa kwa kutazama saa unapokuja. Mafunzo haya ni kwa magari ya zamani yaliyokwisha kutembea kilometa 200,000 au 300,000, ambayo pampu yake ya dizeli haiongozwi na kompyuta.

Kwanza, andika. Kwa muda wa siku 7 weka daftari ndani ya gari. Kila nguvu zikipungua, andika mambo haya: gari lilikuwa na mzigo au tupu, mlimani au tambarare, injini ilikuwa baridi au ya moto, tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani, moshi ulikuwa wa rangi gani, na nguvu zilirudi kwa sababu gani. Daftari hilo litamfaa fundi kuliko maneno mengi.

Pili, hakikisha kwamba injini ndiyo yenye kosa. Ikiwa sauti ya injini yapanda lakini mwendo haupandi, klachi inateleza. Tena, ukisimama, karibisha mkono kwenye kila gurudumu bila kugusa chuma. Gurudumu moja likiwa la moto kupita mengine, huenda breki yake imeshika, na injini inavuta mzigo usiouona.

Tatu, tazama njia ya mafuta, maana hapo ndipo penye kosa mara nyingi. Nguvu zipunguapo, simama mahali pa salama ufungue mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, na gari likapona, tundu la kupitishia hewa limeziba. Kisha toa dizeli kidogo chini ya filta, uitie katika chupa nyeupe, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, nayo yatakaa chini. Dizeli iliyowekwa katika madumu machafu huleta maji na taka.

Badili filta ya dizeli. Nguvu zikirudi kwa siku chache tu kisha zikapotea tena, tangi lenyewe ni chafu. Taka huvutwa mpaka mdomo wa bomba na kuuziba. Injini ikizimwa, taka huanguka, na gari huonekana limepona. Dawa yake ni kuliteremsha tangi na kuliosha. Kama tangi ni safi, mwambie fundi atie kipande cha mpira mwangavu kabla ya pampu. Mapovu yakipita humo, kuna mahali ambapo bomba linavuta hewa.

Nne, tazama njia ya hewa. Moshi mweusi pamoja na udhaifu mlimani ni dalili kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa. Toa filta ya hewa uitazame. Vumbi la barabara za udongo huijaza upesi. Lakini usiendeshe gari bila filta hiyo, kwa kuwa vumbi hulika silinda.

Tano, tazama joto. Mshale wa joto ukipanda, simama, wala usifungue rediata ingali ya moto. Ikiwa mshale hauna neno, na yote yaliyotajwa juu yamekuwa safi, lakini injini ya moto ni dhaifu na ni ngumu kuwaka, hali ikiwa baridi ni nzima, ndipo pampu ishukiwe. Dizeli ya moto huwa nyepesi, na katika pampu iliyolika huvuja ndani kwa ndani. Pampu ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuipimia. Isifunguliwe chini ya mti.

Katika kazi hii yote shika kanuni moja: badili kitu kimoja tu, kisha endesha gari kwa mzigo ule ule, mlima ule ule. Ukibadili vitu viwili kwa pamoja, hutajua kipi kilichoponya.

Maonyo ni matatu. Usiguse kwa mkono bomba la nozeli linalovuja injini ikienda, kwa sababu dizeli yenye msukumo mkubwa hupenya ngozi na kuleta jeraha la hatari. Gari likisimama mlimani, weka mawe nyuma ya magurudumu kabla ya jambo lolote. Wala usiteremke mlima kwa injini iliyozimwa, maana breki za magari mengi husaidiwa na injini. Ikizimika, kanyagio huwa zito na gari halisimami upesi.

Filta na mpira ni vitu vya bei ndogo, na pampu ni kitu cha bei kubwa. Anza na vile vya bei ndogo, kwa utaratibu, na mazao yako yatafika sokoni.