PETROLI CHINI YA MAJI: MWENYE FEZA ANAPIMA NAMNA GANI KITU ASICHOKIONA?



Wengi wetu tumesikia watu wakisema: «Petroli iko chini ya Ziwa Edouard, siku moja tutatajirika.» Katika somo hili tunauliza jambo moja: yule anayetoa feza yake ili petroli itafutwe, yeye anafikiri namna gani? Yeye hasemi «iko». Anasema «pengine iko».

1. Mambo manne asiyoyajua

a) Petroli iko ao haiko?
b) Kama iko, inatosha kulipa gharama?
c) Siku itakapotoka, bei itakuwa gani?
d) Serikali na sheria zitaruhusu?

Kwanza wanapima kwa mitetemo. Mitetemo inaonyesha namna mawe yalivyolala chini ya maji. Petroli yenyewe haionyeshi. Kisima ndicho kinachojibu, nacho ni ghali sana. Mwaka 2007 kompani Woodside ya Australia, pamoja na wenzake, ilimaliza kutoboa kisima Pomboo-1 katika bahari ya Kenya, mahali maji yanapita metre 2000 kwenda chini. Kilikuwa kikavu.

2. Hesabu yake

Tuchukue mfano wa darasani. Kisima kinagharimu dola milioni 30. Kikifaulu, faida yake ni milioni 200. Nafasi ya kufaulu ni 1 kwa 5. Basi 200 ÷ 5 = 40, tena 40 – 30 = 10. Inafaa kujaribu. Lakini nafasi ikiwa 1 kwa 10, tunapata 20 – 30 = –10. Afazali aache. Hakuna aliyeona petroli, lakini jibu limegeuka.

Hata hesabu ikiwa nzuri, mtu aliyeweka feza yote katika kisima kimoja atakosa mara 4 kwa 5. Kwa hiyo mwenye akili anatafuta wenzake, ananunua sehemu ya tano katika visima vitano. Kama visima viko mbalimbali, na kimoja hakitegemei kingine, nafasi ya vyote kuwa vikavu ni 0,8 × 0,8 × 0,8 × 0,8 × 0,8, ni kusema karibu 0,33. Woga umepungua, lakini haukuisha.

3. Yaliyotokea karibu nasi

Katika Ziwa Edouard, Bloki V ilishikwa na kompani Soco na Dominion, pamoja na Cohydro ya Serikali yetu. Mwaka 2010 Dominion ilitoboa kisima Ngaji-1 upande wa Uganda, karibu ya ziwa hilohilo. Kikawa kikavu. Mwaka 2014 Soco ilipima ziwa kwa mitetemo. Lakini upande wetu wa ziwa uko ndani ya Mbuga ya Virunga, iliyo urithi wa dunia tangu 1979. Mwezi wa 6 mwaka 2014 Soco ilitangaza kwamba haitatoboa kisima, isipokuwa Unesco na Serikali wakubali. Kiisha ikaondoka. Hapa ni ulizo la nne lililofunga njia.

Katika Ziwa Albert, upande wa Uganda, kisima cha kwanza kilitobolewa Butiaba mwaka 1938. Petroli ya kutosha ilipatikana mwaka 2006 tu, na uamuzi wa kujenga ulitoka mwaka 2022. Mwaka 2020 kompani Tullow iliuza sehemu yake kwa Total. Mapatano yalikuwa hivi: dola milioni 500 wakati wa kukabidhi, milioni 75 tena siku uamuzi wa kujenga utakapotoka, na nyongeza baadaye, kama bei ya petroli inapita kipimo walichopatana. Tazameni: mashaka yenyewe yameandikwa katika mapatano, kila moja na bei yake.

4. Na sisi je?

Mwenye feza akikosa, anapoteza sehemu moja; visima vingine viko. Mvuvi wa Kyavinyonge ana ziwa moja tu. Mkulima anayeacha kakao yake, na kijana anayeacha masomo juu ya kungojea kazi ya petroli, wameweka vyote katika kisima kimoja, tena bila kupiga hesabu.

Hatusemi kwamba petroli ni mbaya ao ni nzuri. Tunasema: mtu akija kutuahidi utajiri wa chini ya maji, tumuulize yale maulizo manne. Kiisha tuongeze la tano: kisima kikiwa kikavu, ao maji yakichafuka, nani atabeba hasara?

MAULIZO

1. Kisima kinagharimu milioni 40, faida ni milioni 300, nafasi ni 1 kwa 6. Utaweka feza yako? Onyesha hesabu.
2. Nafasi ya kila kisima ni 1 kwa 5. Ukishiriki katika visima viwili, nafasi ya vyote kuwa vikavu ni gani?
3. Kwa nini Total haikulipa ile milioni 75 mara moja? Jadilianeni.
4. Taja kazi moja ya hapa kwetu ambamo watu wanaweka vyote mahali pamoja. Wangeweza kugawanya namna gani?