Kazi za Nyumbani na Kelele za Watoto: Ni Zamu ya Nani?



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, wengi wetu tunaosoma hapa Kigali hatuishi peke yetu. Yupo anayekaa kwa wazazi Nyamirambo, yupo anayekaa kwa kaka yake mwenye mke na watoto, yupo aliyepanga geto na wenzake, na wapo waliokwisha kuoa au kuolewa wakiwa bado masomoni. Katika nyumba hizi, ugomvi mwingi huanzia kwenye sufuria zilizolala bila kuoshwa, au kwenye gari la plastiki linalopiga king'ora wakati mtu anajiandaa na mtihani. Tunayaona kuwa mambo mawili, lakini mzizi wake ni mmoja: kuna kazi ndani ya nyumba ambazo hatuzihesabu kuwa kazi.

1. Mtume (s.a.w.) akiwa nyumbani

Bi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akajibu, kama alivyopokea Imam Bukhari, kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani mwake, na ukifika wakati wa sala hutoka kwenda kusali. Katika mapokezi ya Imam Ahmad imetajwa kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake.

Tuzingatie hapa. Bi Aisha anaeleza mazoea, hasimulii siku moja ambayo mke alikuwa mgonjwa. Na kilichomwondoa Mtume (s.a.w.) katika kazi hiyo ni sala. Aliyekuwa kiongozi wa umma, kadhi na mwalimu hakuona kuwa shughuli za nje zinamwondolea shughuli za ndani. Basi sisi wenye vipindi vitano kwa wiki tutasema tuna shughuli nyingi kumshinda yeye?

2. Wanazuoni wamesema nini?

Je, mke ni wajibu kwake kupika, kufagia na kufua? Wanazuoni wamekhitilafiana. Mashafii na Mahanbali wanasema si wajibu, kwa kuwa mkataba wa ndoa haukuwekwa kwa ajili ya utumishi. Mahanafi wanauona ni wajibu baina yake na Mola wake, ingawa kadhi hamlazimishi. Wamaliki wanatazama ada na hali ya mume na mke. Ibn Taymiyya, na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim akamuunga mkono katika Zad al-Ma'ad, aliona ni wajibu kwa kadiri ya ada, na ada hutofautiana: kazi ya mwanamke wa jangwani si sawa na ya mwanamke wa mjini.

Khitilafu hii imegeuzwa silaha. Mume hunukuu kauli moja ili akae, na mke hunukuu nyingine ili naye akae. Lakini Qur'ani katika Surat an-Nisaa aya ya 19 imewaamuru waume kuishi na wake zao kwa wema, na nyumba haiendi kwa kuoneshana vitabu.

Lipo jambo jingine ambalo ni muhimu zaidi kwetu wanafunzi. Mjadala wote huu ni wa mke na mume. Haumhusu dada na kaka yake. Hata hivyo, katika nyumba zetu nyingi anayeosha vyombo vya kaka ni dada, naye ana mtihani asubuhi ileile, katika chuo kilekile. Kaka akitaka dalili ya kuhudumiwa na dada yake, asiitafute katika mlango wa ndoa. Hataipata humo.

3. Kisa cha Bi Fatima (r.a.)

Hadithi inayotajwa sana ni ile ya Bukhari na Muslim, ya Bi Fatima kwenda kwa baba yake kuomba mtumishi, baada ya mikono yake kuumizwa na jiwe la kusagia. Mtume (s.a.w.) akawafundisha kusema Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34 wanapolala. Wengine huchukua hapo fundisho la kwamba mwanamke avumilie tu.

Tuisome yote. Kwanza, Bi Fatima hakumkuta Mtume (s.a.w.) alipokwenda, kisha Mtume (s.a.w.) mwenyewe akatoka usiku kuifuata nyumba ya binti yake. Uchovu wake haukupuuzwa. Pili, dhikri walifundishwa wote wawili, mke na mume, na Sayyidna Ali (r.a.), ambaye ndiye mpokezi, alisema hakuiacha tangu siku hiyo. Tatu, katika mapokezi ya Imam Ahmad, Sayyidna Ali naye alikuwa amelalamika kifua kinamuuma kwa kuteka maji, na Mtume (s.a.w.) akaeleza kwamba hawezi kuwapa wao akawaacha Ahlu Suffa na njaa. Kwa hiyo hii ilikuwa nyumba ambayo mmoja anateka maji na mwingine anasaga, wote wamechoka. Mwenye kuleta hadithi hii kama hoja na aanze kwa kubeba jerikani.

4. Mtoto na mchezo wake

Sasa tuje kwa watoto. Bi Aisha alikuwa na wanasesere, na Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu rafiki zake waingie wacheze naye. Katika Sunan Abi Dawud, alimuona na farasi wa kuchezea mwenye mabawa, akamuuliza habari zake, na jibu likamchekesha. Alimtania mtoto Abu Umayr juu ya kindege chake. Alisali amembeba mjukuu wake Umama. Na aliposikia mtoto analia msikitini, aliifupisha sala kwa kumhurumia mama yake.

Hili la mwisho lina fundisho kubwa. Kelele ya mtoto iliingia katika sala ya jamaa, na aliyebadilisha mpango wake ni imamu. Hakumwamuru mama atoke.

Hata hivyo kelele ina mipaka. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa katika itikafu aliwakataza watu wasipandishiane sauti katika kusoma Qur'ani. Ikiwa Qur'ani haisomwi kwa namna ya kumuudhi mwenzako, basi bunduki ya betri nayo haina ruhusa ya kulia saa tano usiku, hasa katika nyumba zetu za Biryogo ambapo ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Masikio ya mtoto mwenyewe nayo ni amana: Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasikilize sauti isiyozidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na kichezeo kinachowekwa karibu na sikio kinaweza kupita hapo.

5. Tufanye nini?

Mara nyingi anayenunua kichezeo cha kelele siku ya Idi ni mjomba au kaka, na anayekisikia mchana kutwa ni mama au dada. Mwanafunzi anayefunga mlango na kupaza sauti, "Mnyamazisheni huyo mtoto!", amempa mtu mwingine kazi bila kujua. Kwa hiyo:

- Andikeni kazi zote za nyumba: maji, makaa, vyombo, kufua, na kumwangalia mtoto. Kisha pangeni zamu.
- Wakati wa mitihani badilishaneni zamu, na deni la zamu lilipwe mitihani ikiisha.
- Ukitaka utulivu, toa saa moja yako kwanza. Mtoe mtoto nje na gari lake baada ya Alasiri, au Jumapili ya barabara zisizo na magari.
- Kabla ya kununua, kisikilize kichezeo dukani. Kama tayari kiko nyumbani, bandika utepe kwenye spika yake, sauti hupungua.
- Betri zitolewe Isha ikiingia, na mtoto aelezwe mapema ili asione amenyang'anywa.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi sote tunatoka umuganda, wanaume kwa wanawake, na hakuna anayeona haya kushika jembe au ufagio mbele ya majirani. Ufagio huo ukiingia ndani ya nyumba haugeuki kuwa wa wanawake.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Kazi gani nyumbani kwako haijawahi kuhesabiwa kuwa kazi, na ni nani anayeifanya?
2. Ada ya Kigali ya leo, ambapo mke na mume wote wanasoma au wanafanya kazi, inabadilisha nini katika kauli ya Ibn Taymiyya?
3. Kelele zetu wakubwa, za simu na spika, zina hukumu tofauti na za watoto?

Tunamuomba Allah azijaalie nyumba zetu utulivu, mapenzi na huruma, na atuwafikishe kuyatenda tunayoyasoma. Wallahu a'lam.