Mavazi ya Kazi kwa Walezi wa Watoto

Ndugu mlezi, umeuliza kama ni lazima kununua nguo mpya ili ufanye kazi na watoto. Hapana. Nguo uliyovuka nayo mpaka inatosha, mradi imefuliwa na unaweza kuchuchumaa nayo bila kujivutavuta.

Tunalokuomba zaidi ni kuhusu koti la mabakabaka, lile la kiaskari. Baridi ya hapa Nkamira tunaijua, na koti hilo ni zito. Lakini watoto walioingia Rubavu mwaka 2012, na wengine mwaka 2023, walikimbia risasi za Kivu ya Kaskazini. Mtoto akiliona koti hilo mlangoni hujificha, mwingine hujikojolea, hata kama mvaaji ni wewe anayekupenda. Livue nje. Vaa sweta, au jifunge vitenge viwili.

Usitumie pini. Mimi nilifunga kitenge kwa pini, nikambeba mtoto, ikamchoma shavuni. Tangu siku ile nafunga fundo. Hereni ndefu na mikufu huvutwa, ziache nyumbani. Kata kucha, maana hubeba uchafu unaoleta kuhara.

Kizibao cha kazi usimwazime mtu, hata shemeji yako. Watoto tumewafundisha kwamba mwenye kizibao ndiye wa kumfuata. Basi akikivaa mtu mwingine, watamfuata huyo. Kazi ikiisha, kikunje ukirudishe. Kikipotea, sema siku hiyo hiyo. Hatutakugombeza.