SOMO: NYOKA WAWILI WA JANGWANI

Leo tutajifunza habari za nyoka wawili wa Jangwa la Chihuahua. Jangwa hili liko kaskazini ya Mexico na kusini ya Marekani. Nyoka mmoja ana sumu ya kuua. Mwingine hana sumu kabisa. Taabu ni kwamba watu huwachanganya.

1. Nyoka wa kayamba

Nyoka huyu ana kitu kama kayamba mkiani. Lakini hakina mbegu ndani. Ni pete ngumu kama kucha zetu, zilizoshikana moja kwa moja. Kila anapojivua gamba, pete moja huongezeka. Wengine husema ukihesabu pete utajua umri wake. Si kweli. Kwa mwaka mmoja anaweza kujivua gamba zaidi ya mara moja, na pete za mwisho hukatika.

Kati ya jicho na tundu la pua ana kishimo kinachohisi joto. Kwa hiyo hata gizani anajua panya yuko wapi.

Mlio wake ni onyo: "Nipo hapa, usinikanyage!" Lakini tusimtegemee. Mara nyingine huuma bila kulia.

2. Nyoka mla panya

Huyu ana macho makubwa na rangi ya manjano iliyofifia, na mgongoni ana alama nyeusi. Mchana hujificha katika nyufa za mawe, usiku hutoka kuwinda. Panya humkaba kwa kumviringisha mwili mpaka afe.

Nyoka wengi wa jamii yake wakitishwa hutikisa mkia. Mkia ukigonga majani makavu, mlio hufanana na kayamba. Basi mtu akisikia hushika fimbo, akamwua bure rafiki wa ghala lake.

3. Somo hili linatuhusu nini?

Afrika hatuna nyoka wa kayamba. Lakini tunaye kifutu, ambaye wengine humwita bafe. Yeye hulala kimya njiani, na ukimkanyaga anauma. Tusipomjua nyoka, tumwache aende zake. Usiku tutembee na taa na tuvae viatu.

Huko Marekani watu kama 7,000 hadi 8,000 huumwa na nyoka wenye sumu kila mwaka. Wanaokufa ni kama 5 tu. Kwa nini? Siyo kwamba sumu ni hafifu. Ni kwa sababu hukimbizwa hospitali, wakapata dawa ya kuzuia sumu. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka.

Basi mwenzetu akiumwa, tufanye hivi:

(a) Tumtulize, asitembee wala kukimbia.
(b) Tumvue pete, bangili na viatu, maana mwili utavimba.
(c) Tufunge kijiti kando ya mguu au mkono ulioumwa, kama uliovunjika, usichezecheze. Tusikaze.
(d) Tumbebe upesi hadi hospitali.

Tusichanje kwa wembe. Tusinyonye jeraha. Tusifunge kamba ya kukaza. Tusipoteze saa kwa jiwe la nyoka. Na tusimfukuze nyoka ili tumwue, asije akamwuma mtu wa pili.

MASWALI

1. Kwa nini pete za mkiani hazionyeshi umri wa nyoka?
2. Kwa nini watu humwua nyoka mla panya?
3. Hospitali iliyo karibu nanyi iko wapi? Ulizeni leo kama ina dawa ya sumu ya nyoka. Msingoje mtu aumwe.