Konyeza Shela: Vidokezo 8 vya Kuogelea kwa Amani

Ufuo wa Shela, huko Lamu, ni kilomita 12 hivi za mchanga mweupe, vilima vya mchanga upande mmoja na bahari kuu upande wa pili. Konyeza, au yavuyavu, asikunyime raha ya kuogelea hapo. Wengi wao hawana madhara makubwa. Kinachotakiwa ni kuwatofautisha, na kujua la kufanya mmoja akikuchoma.

1. Mtambue konyeza wa mwezi. Ni wa duara na mwili wake unapitisha mwanga. Juu ya mgongo huonekana pete nne zilizo wazi upande mmoja: hivyo ni viungo vyake vya uzazi. Minyiri yake ni mifupi na imezunguka ukingo kama matamvua ya shuka. Zaidi ya asilimia 95 ya mwili wake ni maji, na sumu yake ni hafifu. Wengi wanaomgusa huwashwa kidogo tu, au hawahisi kitu.

2. Mwogope wa buluu. Huyu ana kibofu cha buluu au zambarau kinachoelea juu ya maji, na chini yake kuna nyuzi zinazoweza kufika mita kadhaa. Huacha mistari myekundu iliyovimba na maumivu makali. Ukimwona mmoja, watoe watoto majini mara moja, kwani upepo huwaleta kwa makundi.

3. Usome upepo. Ufuo wa Shela umeelekea kusini mashariki, nao kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, huvuma kutoka huko huko. Kila kinachoelea husukumwa pwani. Kabla ya kuvua nguo, tembea kwanza kwenye mstari wa mwani ulioachwa na maji yaliyokupwa. Kilicholala pale ndicho kilichomo majini. Waulize na manahodha: wao wameshaiona bahari tangu alfajiri.

4. Aliyekufa naye huchoma. Kwenye minyiri kuna vifuko vidogo sana vyenye sindano za sumu, na hubaki na nguvu hata baada ya konyeza kukauka mchangani. Wafunze watoto wasimshike wala wasirushiane.

5. Jifunike. Sindano hizo ni fupi. Fulana ya mikono mirefu na suruali ya kuogelea inayobana huzizuia vizuri, na hukukinga na jua pia.

6. Ukichomwa, suuza kwa maji ya bahari. Toka majini kwa utulivu, kisha mwagia maji ya bahari pale palipochomwa. Usitumie maji ya mfereji, kwani maji baridi yasiyo na chumvi huweza kufyatua sindano zilizobaki. Usisugue kwa mchanga wala kwa leso. Nyuzi zilizonata zibandue kwa kibanio. Mkojo hausaidii, huenda ukaongeza maumivu.

7. Kisha maji ya moto. Ingiza mguu au mkono kwenye maji ya moto ya nyuzi 45 hivi kwa dakika 20 au zaidi. Kama huna kipimajoto, mtu ambaye hakuchomwa ayajaribu kwanza kwa mkono wake: yawe ya moto lakini ya kustahimilika. Joto hupunguza maumivu ya wa buluu pia. Aliyechomwa akikosa kupumua vizuri, akivimba uso, akitapika au akiumwa kifua, usingoje: panda boti umpeleke Hospitali ya King Fahd mjini Lamu. Fanya hivyo pia akichomwa jichoni.

8. Mwachie kasa chakula chake. Kasa hutaga mayai kwenye fukwe za Lamu, na konyeza ni miongoni mwa vyakula vyao. Mfuko wa plastiki unaoelea hufanana naye, kasa akaumeza, ukamziba tumbo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea ya plastiki Agosti 2017, na mwaka 2018 mafundi wa Lamu walizindua Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa. Wewe nawe, ukimaliza kuogelea, okota plastiki iliyo karibu nawe kabla ya kurudi kijijini. Kadiri kasa wanavyoishi, ndivyo bahari inavyobaki na walaji wa konyeza.