Kupima Picha za Baiskeli za Kale kwa Kanuni za Fizikia

Mwalimu anayetaka kueleza maendeleo ya baiskeli mara nyingi hutumia picha zilizochapwa Ulaya katika karne ya 19. Picha hizo hupendeza, nazo hunakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu. Je, kila picha ya mashine ni ushahidi kwamba mashine hiyo ilikuwako? Katika makala haya tutatazama picha za aina tatu, na kuzipima kwa kanuni ambazo mwanafunzi wa sekondari anazifahamu.

Tuanze na picha za London za mwaka 1819. Tarehe 12 Juni 1817, Karl von Drais aliendesha mjini Mannheim, Ujerumani, mashine ya mbao yenye magurudumu mawili yaliyofuatana. Haikuwa na pedali. Mwendeshaji aliketi juu ya mti mrefu akasukuma ardhi kwa miguu. Mwezi Desemba 1818 Denis Johnson, fundi wa magari ya farasi wa London, alipata hataza ya mashine ya namna hiyo, na mwaka uliofuata wachoraji wa mji huo wakaifanya kichekesho. Picha zao zilichongwa katika mabamba ya shaba, zikapigwa chapa, kisha zikatiwa rangi kwa mkono, moja baada ya nyingine. Humo mabwana waliovaa vizuri huonekana wakianguka ovyo.

Mtu angedhani kwamba picha za dhihaka hazifai kuaminiwa. Lakini tazama mashine yenyewe: mti uliopinda, ubao wa kuegemezea mikono, na mpini wa kugeuzia gurudumu la mbele. Aliyekejeliwa ni mpandaji. Ili kejeli ieleweke, ilimlazimu mchoraji aonyeshe kitu ambacho wanunuzi wake walikuwa wamekwisha kukiona barabarani.

Picha ya pili ina sura ya heshima zaidi, nayo ni ya uongo. Mwaka 1891 Louis Baudry de Saunier, mwandishi Mfaransa, alieleza katika kitabu chake cha historia kwamba bwana mmojawapo wa ukoo wa kikabaila, de Sivrac, alibuni mashine ya magurudumu mawili karibu na mwaka 1790, yaani kabla ya yule Mjerumani. Michoro ya mashine hiyo, mara nyingine ikiwa na kichwa cha farasi au cha simba, ilienea katika vitabu vingi. Utafiti uliofanywa baadaye, hasa katika miaka ya 1970, ulionyesha kwamba bwana huyo hakuwako. Alikuwako Siévrac mwingine, aliyeingiza Ufaransa mwaka 1817 gari la kukokotwa na farasi, lenye magurudumu manne!

Hata bila kupekua nyaraka, mwanafunzi angeweza kuitilia shaka picha hiyo. Gurudumu lake la mbele limefungwa imara, haligeuki. Baiskeli inapoinama kulia, mwendeshaji hugeuza usukani kidogo kulia. Magurudumu hurudi chini ya kitovu cha uzito, na chombo husimama tena wima. Asiye na usukani hana njia hiyo. Atalazimika kukanyaga chini kila mara, na katika mteremko, miguu ikiwa juu, ataanguka upesi. Chombo kama hicho kingeweza kutengenezwa, lakini si rahisi kuamini kwamba watu wazima walikifurahia.

Picha za aina ya tatu ni zile za baiskeli yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, iliyotumika sana katika miaka ya 1870 na 1880. Wengi hudhani mchoraji ametia chumvi. Hakutia. Tangu miaka ya 1860, huko Paris, pedali zilikuwa zimefungwa kwenye mhimili wa gurudumu la mbele, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedali ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Gurudumu la kipenyo cha mita 1.5 husonga mbele 3.14 × 1.5, yaani mita 4.7 hivi. Aliyetaka mwendo zaidi alihitaji gurudumu kubwa zaidi, na kikomo kilikuwa urefu wa mguu wake. Mnyororo uliondoa kikomo hicho. John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli yake ya Rover mwaka 1885, ikiendeshwa kwa mnyororo uliozungusha gurudumu la nyuma.

Mnyororo nao ulikuwa na taabu zake kwa wachoraji. Mwaka 1896 Henri de Toulouse-Lautrec, mchoraji mashuhuri wa Paris, alichora tangazo la minyororo ya Simpson, likakataliwa kwa sababu mtambo haukuchorwa sawasawa. Ikambidi achore jingine.

Zoezi: Hesabu meno ya gurudumu la pedali na ya gurudumu la nyuma katika baiskeli yoyote iliyo karibu nawe, kisha pima kipenyo cha tairi la nyuma. Baiskeli hiyo husonga mita ngapi kwa mzunguko mmoja wa pedali? Ingekuwa haina mnyororo, gurudumu lake la mbele lingehitaji kipenyo gani?