Somo: Seva ya Chama, Kuiweka na Kuipandisha Toleo



Somo letu mara hii ni juu ya seva ya tovuti. Huenda wengine wakauliza, mchuma chai na mwendesha mashine ya kukaushia wana haja gani na jambo hilo? Haja ipo. Siku hizi ofisi nyingi za vyama huweka katika kompyuta matangazo, mikataba ya hali bora za kazi, na hata daftari la wanachama. Ikiwa jina lako limo humo, yakupasa kujua ni nani anayeitunza mashine hiyo, na anaitunza namna gani.

Kwanza tufahamiane maneno. Seva ni kompyuta inayowashwa usiku na mchana, na ndani yake imo programu inayongoja maombi. Ukifungua tovuti ya chama kwa simu yako, simu inapeleka ombi la ukurasa fulani. Programu ile inautafuta katika folda iliyoonyeshwa, kisha inautuma. Ni kama karani wa stoo aliyeketi dirishani: ukiomba jembe, anakupa jembe. Lakini karani huyu hamtambui mtu kwa uso. Humpa yeyote chochote kilichomo stooni, isipokuwa kile alichoandikiwa amri ya kukizuia.

Programu tunayoitumia sisi ni Apache. Ni programu huria, maana yake maandishi yake yote yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyatumia, kuyabadili na kuwagawia wenzake bila kulipa. Kabla yake palikuwa na programu nyingine iliyoandikwa na Rob McCool katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Alipoondoka mwaka 1994 kazi ilisimama, na mafundi walioitegemea wakabaki kila mmoja anashona kiraka chake. Watu 8 wakavikusanya viraka hivyo, na toleo 1.0 likatoka Desemba 1995. Mwaka 1999 likaundwa shirika lisilo la faida, Apache Software Foundation, la kuisimamia kazi hiyo. Tulipoisoma habari hii mara ya kwanza tulifurahi mno, tukasema hawa ni wanaushirika wenzetu. Tukasahau kwamba kitu kisicho na bei bado kina kazi, na kazi hiyo lazima awepo wa kuifanya.

Kuiweka si kazi kubwa. Katika kompyuta yenye mfumo wa Debian, fundi huandika «apt update», halafu «apt install apache2», na baada ya dakika chache ukurasa wa salamu wa programu yenyewe unaonekana. Amri zake hukaa katika folda /etc/apache2. Kurasa za tovuti hukaa katika /var/www/html.

Kupandisha toleo ndiko kulikotutia matatani. Debian 7 ilikuja na Apache 2.2. Debian 8, iliyotoka mwaka 2015, ilikuja na 2.4, na baina ya matoleo hayo mawili namna ya kuandika amri ilibadilika. Sisi tulikuwa na folda yenye daftari la shamba moja la chai ambako mwajiri alikuwa bado hajakitambua chama. Yalikuwamo majina zaidi ya mia nne, pamoja na namba za vipande vyao. Tuliliweka humo ili makatibu wa matawi walipate kwa urahisi, tukalifunga kwa neno la siri. Kufuli yenyewe ilikuwa faili dogo liitwalo .htaccess, lililowekwa ndani ya folda ile ile.

Mwaka 2016 kijana aliyekuwa akitusaidia akapandisha toleo usiku mmoja. Kulipokucha tovuti haipo, pamebaki ukurasa wa salamu tu. Sababu ni kwamba Apache mpya ya Debian husoma faili la tovuti ikiwa tu jina lake linaishia kwa .conf, na letu halikuishia hivyo. Basi ikaliacha, ikafuata amri zake za kuanzia. Kijana hakulijua hilo. Aliona kwamba kurasa sasa zinatafutwa katika /var/www/html, akavihamishia huko vitu vyetu vyote, na tovuti ikarudi. Tulimpigia makofi.

Lakini faili letu lililoachwa ndilo lililokuwa na amri ya kuiambia programu iziheshimu kufuli zilizomo ndani ya folda. Amri za kuanzia zinasema «AllowOverride None», yaani usizisikilize. Tena zinasema kwamba folda isiyo na ukurasa wa mbele ionyeshe orodha ya mafaili yake. Kwa hiyo kufuli ilikuwa pale pale, haijaguswa, na mlango uko wazi. Aliyeandika anwani ya folda aliona orodha, na aliyeibonyeza alipata majina yote.

Ilikaa hivyo siku 9. Aliyegundua ni katibu wa tawi, mama mmoja aliyeshangaa kwamba haulizwi tena neno la siri. Tukaisimamisha seva, tukasoma faili la kumbukumbu, /var/log/apache2/access.log, ambalo huandika kila ombi na mahali lilikotoka. Tulikuta anwani mbili tusizozijua zimelichukua daftari. Hatukuweza kujua ni za nani. Ilitubidi kwenda shambani, kukaa na wanachama chini ya miti baada ya zamu, na kuwaambia kwamba siri waliyotukabidhi imetutoka. Wengine waliomba majina yao yafutwe siku ile ile, na hatukuwa na neno la kuwapinga.

Baada ya hapo wako waliosema tusiguse tena toleo. Huko nako ni kukosea. Toleo la mwisho la 2.2 lilitoka mwaka 2017, na tangu hapo kasoro inayoonekana ndani yake haishonwi kiraka na waliolitengeneza. Ni sawa na mashine ambayo kiwanda chake hakiuzi tena vipuri. Lakini kukimbilia kila kipya nako si dawa. Septemba 2021 Apache ilitoa toleo 2.4.49, nalo likawa na tundu: mtu aliweza kuandika anwani kwa hila ya nukta, akatoka nje ya folda ya tovuti na kusoma mafaili mengine ya kompyuta. Tarehe 4 Oktoba likatoka 2.4.50 la kuziba, kumbe halikuziba sawasawa. Tarehe 7 Oktoba likatoka 2.4.51. Waliobaki na 2.4.48 hawakupatwa na tundu hilo. Wenye 2.4.49 waliokuwa wameacha amri ya «Require all denied» juu ya mfumo mzima wa folda walisalimika wasisomewe mafaili yao, kwa kuwa amri hiyo hukataa kwanza, halafu ruhusa hutolewa folda moja moja. Amri hiyo huja tayari na programu. Walioumia wengi wao walikuwa wameiondoa au kuilegeza.

Kwa hiyo sisi tunapokea viraka vya usalama vya Debian kila vinapotoka, na matoleo makubwa tunayasubirisha hadi yajaribiwe katika kompyuta kuukuu ya ofisini. (Debian mara nyingi hushona kiraka bila kubadili namba ya toleo, kwa hiyo namba peke yake isikutie hofu wala isikupe raha.) Kabla ya kugusa lolote tunanakili /etc/apache2 na kurasa zote katika diski ya nje, kisha tunaijaribu nakala hiyo kama inafunguka. Baada ya kupandisha, «apachectl configtest» hukagua kama amri zimeandikwa sawa. Lakini usidanganyike, ndugu: siku ile amri zetu zilikuwa zimeandikwa sawa kabisa. Kipimo hicho hakijui nia yako.

Fundi wa kiwandani akimaliza kutengeneza roli hajaribu tu kama inazunguka. Hubonyeza na kitufe cha kuisimamisha. Nasi tunashika simu isiyo ya ofisi, tunaandika anwani za folda ambazo hazitakiwi kufunguka, moja baada ya moja. Ikija namba 403, imekataa. Ikija 401, inataka neno la siri. Ikija orodha ya mafaili, tunaandika «systemctl stop apache2» papo hapo, na tovuti ilale hadi kasoro ipatikane.

Daftari la wanachama hatuliweki tena katika seva. Liko katika kompyuta isiyounganishwa na intaneti, na katibu anayelihitaji hulifuata ofisini. Makatibu wa mbali wananung'unikia nauli, na wana haki. Jambo hilo la nauli liko mbele ya kamati.

Kwenye mkutano ujao wa tawi, muulizeni katibu wenu: seva ya chama ilipandishwa toleo lini, nani alifanya, na nani mwingine aliijaribu kutoka nje?